Jina la Mama Katika Cheti

Kwa miaka mingi nilikuwa na desturi ya kusoma karatasi za wateja kwa sauti. Mtu akishaketi mbele ya meza yangu na kutoa pasipoti, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, nilizisoma moja moja: jina, tarehe, mahali. Yeye aliitikia, nami nikaweka alama kwa kalamu. Nilifundishwa hivyo na mama aliyeniajiri mara ya kwanza, na sababu yake ilikuwa nzuri. Herufi moja ya tiketi isipolingana na pasipoti, mtu anaweza kurudishwa kutoka uwanja wa ndege na mizigo yake yote, na ukoo mzima umekwisha kumsindikiza.

Watu hudhani wakala wa safari anauza tiketi. Tiketi ni kazi ya dakika kumi. Kazi yenyewe iko katika zile wiki kati ya siku mtu anaposema anataka kwenda na siku anapoondoka. Kuna viza, chanjo ya homa ya manjano, bima, barua ya mwaliko, kuomba kiti cha magurudumu kwa asiyeweza kutembea mbali, kumweleza mtu ambaye hajawahi kupanda ndege ni wapi atavua viatu na ni wapi atavaa tena. Katika wiki hizo nimejua mambo mengi ya watu ambayo sikuyauliza.

Wanawake hao wawili walikuja ofisini kwangu, mjini Nakuru, asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Walitoka upande wa Njoro. Mmoja alikuwa na umri wa kama miaka sabini, mrefu, amevaa koti la kanisani. Mwingine alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, mfupi, ameshika mwavuli mmoja waliokuwa wamejikinga nao wote wawili. Karatasi zao zilikuwa katika bahasha moja kubwa ya kaki, na bahasha ilishikwa na yule mkubwa.

"Kijana wetu anaoa huko Kanada mwezi wa nane," alisema mkubwa. "Ametuambia tukuje sisi wote wawili."

Nikauliza kijana ni wa nani, kwa sababu fomu ya viza inauliza uhusiano.

"Ni wetu," akasema mkubwa.

"Mimi ndiye nilimzaa," akasema mdogo. "Huyu ndiye alimlea akisoma hapa town. Sisi ni wa boma moja. Mzee alituacha."

Nikaelewa. Walikuwa wake wa mume mmoja, sasa wajane wawili. Mkubwa alikuwa na binti watatu walioolewa. Mdogo alikuwa na huyu mvulana mmoja na wasichana wawili. Waliishi, kila mmoja na nyumba yake, katika shamba moja la mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa. Niliwaambia kwamba jambo hilo halikatazwi, ila lazima lielezwe vizuri, kwa sababu fomu zimetengenezwa na watu wanaodhani kila mtu ana mama mmoja. Mdogo alicheka kidogo aliposikia hivyo.

Nikaanza kusoma. Pasipoti zao zilikuwa mpya na hazikuwa na kosa. Ya mdogo ilikuwa na alama ya dole gumba mahali pa sahihi, kwa sababu hakwenda shule. Barua ya mwaliko ilikuwa fupi na imeandikwa kwa adabu. Halafu nikatoa cheti cha kuzaliwa cha kijana, ambacho mkubwa alikuwa amekihifadhi miaka yote katika mfuko wa plastiki.

"Jina la baba," nikasoma. Wakaitikia wote wawili.

"Jina la mama," nikasoma, nikalitamka jina lililokuwa pale.

Lilikuwa la mkubwa. Nilikuwa nimeshalisema ndipo nikaelewa nilichosema.

Mdogo alikuwa anakunja mwavuli. Akauacha. "Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Sikuwa na njia nyingine.

"Hapo kwa mama?"

"Ndiyo."

Akamtazama mwenzake. Mkubwa aliangalia bahasha. "Ni mzee alifanya," akasema. "Tutaongea nyumbani."

"Miaka yote hii," mdogo akasema. Hakuinua sauti. Akasimama, akachukua mwavuli, akashuka ngazi. Nilisikia viatu vyake mpaka chini.

Mkubwa alibaki akikusanya karatasi taratibu, moja juu ya nyingine. Halafu akaniuliza, "Sasa hiyo itasumbua safari?"

Nilimwambia itasumbua. Ningependa kusema kwamba wakati ule nilikuwa nikimfikiria yule aliyeshuka ngazi bila kuaga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikifikiria fomu. Mtu aliyemzaa kijana hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha hivyo, na aliyekuwa na karatasi hakumzaa. Nilimweleza mkubwa kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha cheti, na hiyo ingepita harusi. Ya pili ni kula kiapo mbele ya wakili na kuambatisha barua ya chifu, kisha kila mmoja aombe viza kwa ukweli wake. Alisikiliza, akatoka akatembea kwenye mvua kumfuata mwenzake mwenye mwavuli.

Saa kumi na moja jioni, ambayo kule Kanada ilikuwa asubuhi, nilimpigia kijana simu. Nilimwambia kilichotokea.

"Nilijua tangu darasa la nane," akasema. "Tulikuwa tunatakiwa kupeleka vyeti shuleni kwa ajili ya mtihani. Baba aliniambia hiyo ni ya shule tu. Nikadhani mamangu anajua. Nilipokuwa mtu mzima nikajua kwamba hajui, na hapo nikashindwa nitaanzia wapi."

Nikamwambia simlaumu, jambo ambalo halikuwa langu kusema.

"Amekasirika?" akauliza.

"Aliondoka bila kuaga."

"Basi amekasirika," akasema.

Tangu siku hiyo niliacha kusoma vyeti kwa sauti. Namgeuzia mteja karatasi, naweka kidole mahali, namwacha asome mwenyewe. Asiyejua kusoma namuuliza kwanza kama nimsomee akiwa peke yake au na wenzake. Ni mabadiliko madogo, na hakuna mteja aliyewahi kuyatambua.

Ijumaa ya wiki hiyo mdogo alikuja peke yake. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe na ameleta maziwa katika chupa ya soda, akaiweka mezani kama salamu. Nilifikiri amekuja kusema hataki tena safari.

"Nataka unionyeshe," akasema. "Hiyo karatasi. Unionyeshe ni wapi."

Nilikuwa na nakala. Nikaiweka mbele yake na kumwonyesha mstari. Aliuwekea kidole, akakipitisha kutoka mwanzo wa jina hadi mwisho, mara mbili.

"Na langu linaandikwaje?"

Nikaliandika kwenye karatasi nyingine kwa herufi kubwa. Akalilinganisha na lile lingine.

"Langu ni fupi," akasema. "Lingetoshea."

Alikaa kama dakika kumi. Alinieleza kwamba kijana alizaliwa nyumbani wakati wa kuvuna ngano, mkunga akiwa mama mkwe wake, na kwamba alimnyonyesha miaka miwili na nusu. Alinieleza kama mtu anayejaza fomu, bila kupamba. Kijana alipofika miaka saba mzee alimchukua akasome mjini, katika nyumba za kiwanda alikokuwa akifanya kazi, na huko ndiko mkubwa alikokuwa akiishi. Yeye mdogo alibaki kwenye shamba. Alimwona mtoto wakati wa likizo.

"Nilikuwa najua ananipenda," akasema. "Sikuwa najua serikali haijui."

Halafu akaniuliza kiapo kinaliwa siku gani.

Walikula kiapo Jumatano iliyofuata, katika ofisi ya wakili mmoja karibu na mahakama. Nilikuwepo kwa sababu nilihitaji nakala. Mkubwa ndiye aliyesomewa maneno kwanza: kwamba jina lake liliwekwa katika cheti cha mtoto ambaye hakumzaa, na kwamba mama mzazi ni huyu aliyeketi kando yake. Wakili alimuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Akatia sahihi. Mdogo aliweka dole gumba. Hawakutazamana, lakini walishuka ngazi pamoja, na mdogo alimshika mwenzake kiwiko mahali ngazi zilipovunjika.

Ili wachukuliwe alama za vidole za viza ilibidi kwenda Nairobi. Niliwatafutia gari la kukodi, na kwa kuwa nilikuwa na pasipoti nyingine za kupeleka, nikaenda nao. Mkubwa aliketi mbele na dereva. Mimi na mdogo tuliketi nyuma. Kutoka Nakuru hadi Naivasha dereva alitupa maoni yake juu ya bei ya viazi. Tulipita njia ya chini, na pale Mai Mahiu dereva akataka kula. Tukaketi kwenye kibanda cha chai kando ya malori yaliyopangwa, tukaletewa chai na mandazi.

Hapo ndipo mkubwa aliposema. Nadhani aliona ni rahisi mbele ya mtu wa nje, mahali penye kelele.

"Kampuni ilikuwa inajua bibi mmoja tu," akasema. "Ni mimi. Mtoto akigonjeka, kliniki ya kampuni ilikuwa inatibu wale wameandikwa kwangu. Wengine walikuwa wanarudishwa. Mzee akasema, huyu tumuandike kwako. Baadaye ikaja ya cheti, na mambo ilikuwa imeshaanza hivyo."

Mdogo alikuwa akivunja andazi vipande vidogo bila kula.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia ungekuja kumtoa."

"Ningemtoa."

"Umeona sasa. Na hangesoma."

Lori lilipita, tukangoja kelele ipungue. Nilitamani dereva amalize kula.

"Si hiyo tu," mkubwa akaendelea. "Nilikuwa na wasichana pekee. Watu wa nyumba za kampuni walikuwa wananiita kwa jina la huyu kijana. Mama fulani. Nilipenda. Mzee alipokufa ningekuambia, na sikukuambia. Hiyo ni yangu, si ya mzee."

Mdogo aliomba sukari zaidi, akaletewa, akakoroga chai yake kwa muda mrefu. "Mimi huko nyumbani pia walikuwa wananiita hivyo," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili." Akanywa chai. Tuliporudi kwenye gari alimwambia mkubwa akae nyuma, kwa sababu kiti cha mbele kina upepo na mkubwa alikuwa na kikohozi. Mimi nikakaa mbele. Huko nyuma nilisikia mkubwa akiomba leso, akapewa.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Mkubwa alipewa viza. Mdogo alinyimwa. Barua ya kunyimwa ilikuwa ya ukurasa mmoja, maneno yake ni yale yale wanayopewa watu wote: ofisa hakuridhika na uhusiano wa mwombaji na aliyemwalika, wala hakuridhika kwamba mwombaji atarudi. Nimesoma barua kama hiyo mara nyingi na sijawahi kuona moja inayoeleza zaidi. Niliwaita wote wawili. Nilimuuliza mdogo kwanza kama niseme mbele ya mwenzake.

"Sema," akasema. "Hakuna kitu kimebaki cha kuficha."

Niliposema, mkubwa ndiye aliyekasirika. Aliniuliza kama singeweza kuwaandikia watu wa ubalozi wahamishe viza yake iwe ya mwenzake. Nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza kama nimejaribu. Nikamwambia hakuna mahali pa kujaribia. Tungeweza kuomba upya, lakini harusi ilikuwa imebakiza wiki nne. Akasema basi yeye pia haendi, niwarudishie hiyo kitu yao.

"Utaenda," mdogo akasema.

"Nitaenda kufanya nini? Nikaketi pale kama mama yake na wewe uko hapa?"

"Utaketi. Mtoto hawezi kuoa kama yatima." Akanigeukia. "Madam, mwandikie tiketi."

Nikamwandikia tiketi ya kwenda na kurudi, ya miezi mitatu, kama kijana alivyoomba.

Kwa kawaida, wiki moja kabla ya safari namwita msafiri aje nimweleze njia yote. Mkubwa alikuja, na mdogo akaja naye. Nilichora kwenye karatasi: Nairobi, mji wa kubadilishia ndege, kisha Kanada. Mkubwa alisikiliza kidogo tu, akisema kiti cha magurudumu nilichomwombea kitamfikisha. Aliyeuliza maswali ni mdogo. Alitaka kujua kama dirisha linafunguka. Alitaka kujua saa ngapi za kungoja katikati, na kama mtu akilala pale ataamshwa. Aliuliza wanakula nini, na kama mtu wa kisukari, kama mkubwa, anaweza kukataa keki bila kuonekana ana dharau. Nilipomaliza akarudia njia yote bila karatasi, mlango kwa mlango, kisha akamwambia mkubwa, "Sasa wewe sema." Mkubwa akakosea, akarekebishwa.

Siku ya kupima mizigo walileta sanduku moja, na ndani yake, kimefungwa kwa shuka, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yanayotiwa majivu ya mkaa. Mdogo ndiye aliyeyagandisha. Nikawaambia maziwa hayawezi kupita. Nilitarajia ubishi, kwa sababu hapo ndipo ubishi huwa. Mdogo aliuliza tu, "Kibuyu chenyewe je?"

"Kikiwa kitupu na kikavu. Na aseme anacho, asifiche."

Basi tukayanywa pale ofisini, sisi watatu, kwa vikombe vya chai. Yalikuwa makali na mazuri, na majivu yake yalibaki kwenye meno. Mdogo alikisuuza kibuyu kwenye sinki letu, akakipeleka nyumbani kukianika, na siku ya kuondoka kilikuwa sandukuni kikiwa kimekauka vizuri.

Mdogo hakwenda kumsindikiza mwenzake uwanja wa ndege. Alisema kuna ng'ombe wa nyumba mbili na mkamuaji ni mmoja. Mkubwa alisindikizwa na binti zake, na jioni nikapata ujumbe kwamba amepita ukaguzi.

Kijana aliniandikia baada ya harusi. Alisema kwamba walipofika pale pa kutambulisha wazazi, mkubwa alisimama akaongea kwa lugha ya nyumbani, naye bwana harusi akalazimika kumtafsiria kwa wageni. Mkubwa alisema yeye ametumwa na mama wa kijana, ambaye hakupewa ruhusa ya kuja, na kwamba baraka anazotoa si zake bali amebebeshwa. Halafu akamkabidhi bibi harusi kibuyu. Kijana aliandika kwamba wageni walipiga makofi wakidhani ni mila. Hakuandika yeye alihisi nini, na mimi sikuuliza.

Wiki tatu tu baadaye mkubwa alinipigia mwenyewe. Alitaka nibadilishe tarehe ya kurudi.

"Umegonjeka?" nikauliza.

"Sijagonjeka. Nimemaliza. Kuna karatasi ya kutengeneza huko nyumbani na inanihitaji nikiwa hai."

Nikambadilishia. Aliporudi nilimwandikia orodha ya vitu ambavyo ofisi ya usajili ingetaka, kile kiapo kikiwa cha kwanza, nikamwelekeza kwa mtu ninayemjua anayeelewa taratibu hizo. Sikusikia tena habari zao. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyo. Mtu anakuwa katika kila siku yako kwa miezi mitatu, unajua damu yake ina sukari kiasi gani na jina la mama mkwe wake, halafu faili inafungwa.

Nilikutana na mkubwa karibu miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimeenda Njoro kumpelekea mhadhiri mmoja pasipoti yake, na nilipokuwa nikirudi kwenye gari nikamwona amesimama na wengine mahali pa kukusanyia maziwa, mtungi miguuni. Naye alinitambua mara moja. Tukasalimiana. Nikamuuliza habari za mwenzake.

"Hayuko," akasema. "Ako Kanada tangu mwezi wa pili. Bibi ya kijana amejifungua msichana."

"Cheti kilitengenezwa?"

"Kilitengenezwa. Ilichukua mwaka mzima. Sasa kina jina yake." Alisema hivyo akiangalia barabarani kama gari la maziwa linakuja.

Nikamuuliza nani alimshughulikia safari. Sikuwa na wivu, au labda nilikuwa nao kidogo.

"Hakuna. Kijana alifanya yote kwa simu."

"Na alifika salama?"

"Alifika. Hakutaka kiti cha magurudumu. Pale pa kubadilisha ndege aliwaonyesha wengine njia, wanawake wawili wa Eldoret walikuwa wamepotea."

Nikamwambia nimefurahi. Nikamuuliza kama sasa anakamua peke yake.

"Peke yangu. Ng'ombe zake zinanisumbua. Zimezoea kuimbiwa, na mimi siimbi." Gari la maziwa likatokea kwenye kona, watu wakaanza kupanga mitungi. Akaushika wake kwa mikono miwili, akaniambia niwasalimie wa nyumbani, akaingia kwenye mstari.